Punje za Jumamosi

Nyarero, Tarime
15 Januari 2023

Mzee Nikodemo, shikamoo.

Pengine hunikumbuki, ila miti yetu huwezi kuisahau. Mwaka 2009 ulikuja hapa Nyarero kama bwana miti, ukagawa miche ya paina, na bibi harusi mgeni akakuletea uji. Ndiye mimi, Boke, mke wa Mama Mokami. Mama anasema siku hiyo ulimwuliza mume wangu yuko wapi, akakujibu mume ni yeye, ukapaliwa na uji. Nyinyi wa Serengeti mna mambo yenu na sisi Wakurya tuna nyumba ntobhu. Mama alifiwa na mumewe hana mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe akanioa mimi ili nyumba yake isizimike. Nimezaa, mtoto wangu Wangwe ndiye mrithi wake.

Sasa miti inakufa. Ilianza mwezi wa kumi na moja upande wa chini, karibu na njia. Majani yamekuwa mekundu kama kutu, na ukigusa gome unamwagika unga mwekundu kama ugoro. Ndani kuna vidudu vyeusi, vidogo kuliko punje ya mtama. Nimekuwekea kipande cha gome kwenye kopo la siagi, nimelifunga kwa mpira, usilifungue juu ya meza ya chakula.

Sylvester, mtoto wa shemeji yake Mama, anasema tukate kilima chote sasa hivi na ardhi irudi kwenye ukoo. Anasema mti wa kigeni uliopandwa na nyumba isiyo na mwanamume lazima ufe. Mama aliwajibu wazee wa ukoo kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Wakampa muda mpaka tohara ijayo, maana yake mwisho wa mwaka 2024. Miti ikiendelea kufa mpaka hapo, wanaikata yote mia nne na kilima wanachukua. Wangwe atabaki na nini?

Nimesikia masikio yako hayapokei simu tena, ndiyo maana naandika. Barua nampa kondakta wa gari la Mugumu, ataiacha kwa binti yako Esta dukani. Sina nia ya kukiacha kilima hiki. Niambie nianzie wapi.

Boke


Manchira, Serengeti
3 Februari 2023

Binti yangu Boke, marahaba.

Uji naukumbuka, ulikuwa na ndimu. Na kopo lako nililifungulia juu ya meza ya chakula, kwa hiyo Esta amekukasirikia wewe na mimi pia.

Hao ni mbawakawa wa magome. Wanatoboa gome, wanataga chini yake, na watoto wao wanakula njia ya chakula ya mti mpaka mti unakauka. Mti wenye nguvu unawazamisha kwa utomvu. Mti dhaifu hauwezi. Kwa hiyo usiulize tu wako wangapi, uliza wanaruka lini na wanatoka wapi. Ukijua msimu wao wa kuruka, unajua siku ya kuwawahi. Usipojua utakuwa unapiga panga hewani.

Chukua chupa sita za maji za lita moja na nusu. Kila moja ikate dirisha ubavuni. Chini weka maji yenye sabuni ya unga, wakitumbukia wasitoke. Ndani ning'iniza kichupa kidogo chenye spiriti ya hospitali, kifuniko umekitoboa tundu. Mti mgonjwa unatoa harufu kama ya pombe, na hawa jamaa wanaifuata. Tundika kwa urefu wa kifua, mbili chini, mbili katikati, mbili juu ya kilima, uzipe namba. Kila Jumamosi hesabu, andika, mwaga, jaza upya. Usiruke hata Jumamosi moja. Mimi nilifanya kazi ya serikali miaka thelathini na mbili na watu walioharibu hesabu zangu ni wale waliosema "wiki hii ni kama iliyopita".

Mwambie Mokami namsalimu, na sijapaliwa tena tangu siku ile.

Nikodemo


Nyarero
10 Desemba 2023

Shikamoo Mzee.

Sijaruka hata Jumamosi moja. Nimehesabu nikiwa na malaria, nimehesabu siku ya harusi ya mdogo wangu nikiwa na nguo ya sherehe na matope mpaka magotini. Ndani ya bahasha kuna karatasi za miezi kumi.

Mama Mokami hasomi, daftari langu halimwambii kitu. Yeye ana kopo lake. Kila kidudu ninachokitoa kwenye chupa anaweka punje moja ya maharage, na mwezi ukiisha analitikisa karibu na sikio. "Hao wachache," ananiambia. Na kweli ni wachache! Mvua za vuli zimekuja kubwa, mwezi wa kumi na wa kumi na moja nilikuwa nimejiandaa kwa vita, lakini wiki iliyozidi zote chupa sita zimetoa arobaini na nne tu. Mwaka huu hakuna mti mpya uliokufa, hata mmoja. Sylvester amepita njiani mara mbili akaangalia juu, akaangalia chini, akaenda zake.

Nadhani tumeshinda Mzee. Asante sana.

Boke


Manchira
28 Desemba 2023

Binti yangu,

Usicheze ngoma kabla haijawambwa. Mwaka mmoja hauniambii kitu. Inawezekana mvua kubwa imeipa miti nguvu, inawezekana kuna jambo lingine ambalo wewe na mimi hatujaliona.

Tena kuna hili. Mwezi wa tatu chupa zako zinatoa thelathini, thelathini na moja kwa wiki. Ghafla mwezi wa tano, chupa ya kwanza na ya pili sifuri, sifuri, sifuri, wiki nne mfululizo, halafu zinarudi na nguvu kuliko mwanzo. Vidudu havina likizo. Ulibadilisha nini na ukaona aibu kuniandikia? Hesabu yenye siri ndani yake ni sawa na chungu chenye ufa. Niambie.

Nikodemo


Nyarero
21 Januari 2024

Shikamoo Mzee.

Haya, umenikamata. Spiriti iliisha mwezi wa nne na duka la dawa hapa halikuwa nayo. Nikaenda Genkuru kwa Verdiana, anayepika gongo, nikanunua chupa ya kwanza inayotoka kwenye mtambo, ile kali. Nilijiambia pombe ni pombe. Mimi mwanakwaya, Mzee, nimebeba gongo kwenye kikapu chini ya mchicha!

Vidudu viliipenda. Aliyeipenda zaidi ni Mzee Kornelio, jirani yetu anayechunga ng'ombe pale njiani. Alikuwa anafungua vichupa vya mti wa kwanza na wa pili, anakunywa, anarudishia kifuniko. Ndizo hizo sifuri zako. Na bado ni yeye aliyekwenda kunishtaki kwa wazee wa kanisa, kwamba Boke anauza gongo msituni na tena anapunja kipimo! Nikaitwa mbele ya wazee. Nilikwenda na chupa ya sita na vidudu vyake ndani, nikawawekea mezani, nikawaambia wateja wangu ndio hawa. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Kornelio sasa ananisaidia kulinda, kwa masharti ambayo sikuandikii.

Sikukwambia kwa sababu niliogopa utanidharau. Kuanzia leo nakuandikia kila kitu, hata cha aibu. Gongo naendelea nayo ile ile ya Verdiana mpaka mwisho, ili hesabu isiyumbe.

Boke


Nyarero
6 Oktoba 2024

Mzee, shikamoo. Mambo yameharibika.

Jana Jumamosi chupa sita zimetoa mia tatu themanini na nane. Chupa ya tano peke yake mia moja sabini na moja. Ya sita mia moja arobaini. Zile za chini, ya kwanza na ya pili, zina kumi na mbili kwa pamoja. Nimehesabu mara tatu kwa kijiti. Mama Mokami maharage yalimwishia akaingia kwenye mahindi, na alipotikisa kopo halikutoa sauti kwa kujaa. Aliliweka chini akalifunika kwa kanga. Mimi nimezoea matusi yake, kufunika huko ndiko kumenitisha.

Mvua ndiyo kwanza inaanza. Upande wa juu miti kumi na moja inatoa utomvu, na unga ule wa ugoro upo kila shina.

Sylvester ameshaleta mtu wa chenso, ule msumeno wa mashine, kupima miti. Kikao cha ukoo ni Jumamosi tarehe 30 Novemba. Watu wanasema waziwazi kwamba vidudu vinakuja mwaka wa tohara, vilikuja 2022, vimekuja 2024, kwa hiyo ni laana. Nina hasira, Mzee, na nina hofu, na vyote viwili vinanikosesha hamu ya kula. Lakini kilima sikitoi. Niambie la kufanya.

Boke


Manchira
11 Oktoba 2024

Boke mwanangu,

Kwanza kula. Mtu mwenye njaa hahesabu vizuri.

Pili, laana haina namba. Laana ingeshuka kilima kizima. Hawa wako chupa ya tano na ya sita, maana yake wanatoka mahali, na mahali penyewe ni karibu hapo. Kuna kitu kipo juu ya kilima mwaka huu ambacho mwaka jana hakikuwepo. Niandikie kila kitu kilichofanyika msituni tangu mwezi wa saba: nani amekata, nani amechoma, nani amelisha ng'ombe, hata kama unaona hakina maana. Usichague cha kunieleza.

Jibu upesi.

Nikodemo


Nyarero
16 Oktoba 2024

Shikamoo Mzee.

Nimekula. Sasa naandika kila kitu kama ulivyosema, ingawa mengi ni ya kawaida.

Julai: hakuna kilichofanyika, ni kiangazi. Kornelio alipitisha ng'ombe mara moja, tukagombana.

Agosti: tulipunguzia miti upande wa juu. Tulikata thelathini, ile iliyosongamana, kwa sababu Wangwe anaingia tohara Desemba na wageni watapikiwa siku nyingi. Unajua kwetu kuni za tohara zinaandaliwa mapema na wanawake wote wa jirani, ni heshima ya nyumba. Walikuja wanawake ishirini na wawili. Tulikata magogo, tukayapanga malundo manne makubwa, tumeyaegemeza kwenye mashina ya miti iliyosimama ili yasiporomoke, yakauke polepole pale kivulini. Yamepangika vizuri, Mzee, ungeyaona ungesifu. Hatujayapasua bado. Nilijivunia siku ile kuliko siku nyingine yoyote tangu niolewe hapa, maana wapo waliosema nyumba ya wanawake haiwezi kutoa kijana.

Septemba: hakuna.

Oktoba: vidudu.

Sioni kitu hapo. Wewe unaona nini?

Boke


Manchira
20 Oktoba 2024

Boke,

Ni malundo.

Gogo bichi lenye gome ni nyumba ya kuzalia. Halina utomvu wa kujitetea, lina chakula tele. Waliingia Agosti, wakataga, na kwa joto la kwenu ndani ya wiki sita au saba watoto wakawa tayari kuruka. Ndio hao mia tatu themanini na nane. Na wewe umeyaegemeza magogo yao kwenye mashina ya miti hai. Watoto wa pili wako chini ya magome sasa hivi, na mwezi wa kumi na moja hautaisha kabla hawajatoka. Wakitoka, kikao chenu hakitakuwa na miti ya kujadili.

Nijibu na hili: mwaka 2022 nani alitoa kijana tohara, na kuni zake zilipangwa wapi?

Sasa nikwambie kitu ambacho nimekificha. Uliponieleza mwaka jana kwamba vidudu vilikuja mwezi wa kumi na moja, wazo la magogo lilinipitia kichwani nikalifukuza. Kwa nini? Kwa sababu mwaka 2009, baada ya kugawa miche, nilisimama mbele ya wanawake wa Nyarero nikawaambia: mkipunguzia miti, msihangaike kubeba kuni mbichi, zipangeni kivulini zikaukie msituni. Mokami aliuliza swali, nikamjibu kwa kiburi. Mlifanya nilichowafundisha. Nilikudai siri zako za gongo na yangu nimeikalia. Nisamehe.

Bandueni magome. Gogo kwa gogo, leo na siyo kesho. Magome yachomwe moto palepale mbali na miti. Miti inayotoa unga ikatwe, ibanduliwe siku hiyohiyo. Gogo lililobanduliwa haliwezi kulea kitu, na kuni zake zinawaka vizuri zaidi. Gogo moja tu lenye gome lihifadhi ndani ya kiroba, ufunge kamba mara mbili. Utalihitaji tarehe 30.

Nikodemo


Nyarero
29 Oktoba 2024

Bwana Miti,

Ni Mokami. Anayeandika ni Mwalimu Judith, na nimemwambia asiongeze neno wala asipunguze.

Barua yako imesomwa mara mbili. Mara ya kwanza Boke alilia, mara ya pili akaenda kunoa panga.

Umeuliza mwaka 2022. Aliyetoa kijana ni Sylvester. Kuni zake zilipangwa upande wa chini, karibu na njia, na miti niliitoa mimi mwenyewe kwa moyo mweupe. Sasa unajua, na mimi nimejua.

Kwetu kuni za tohara zikishapangwa na wanawake hazibomolewi mpaka siku ya kupika. Anayebomoa anamwitia mtoto mkosi. Wanawake walikuja wote ishirini na wawili, wakasikia maneno yako, wakasimama mikono nyuma. Boke akaliendea lundo, na mtoto ni wake. Nikamwambia toka hapo. Nikavuta gogo la kwanza mimi. Nikasema kwa sauti wasikie mpaka ng'ambo: mkosi ukija uje kwa Mokami, nina miaka themanini na moja, mkosi utanifanya nini ambacho bado haujanifanya? Nikatoboa gome kwa panga nikalichana. Chini yake walikuwa weupe, wamejaa, wanajikunja. Verdiana wa Genkuru naye alikuwepo, akapiga kelele, "Yesu! Hawa ndio wanaokunywa mzigo wangu?" Basi wakacheka, na mtu akicheka mikono inatoka nyuma. Tumebandua siku nne. Viganja vimetoka malengelenge. Jana tumemaliza lundo la nne.

Kuhusu semina yako. Nilikuwepo na kiburi chako nakikumbuka. Nilikuuliza kama kuni hazitaleta wadudu, ukaniambia mama, hiyo ni kazi ya wataalamu. Nimekusamehe leo, kwa sababu hukulazimika kusema na umesema. Ila uji wangu ulikunywa vikombe vitatu, huo bado nakudai.

Mokami


Nyarero
12 Januari 2025

Mzee Nikodemo, shikamoo.

Nimechelewa kuandika, kulikuwa na tohara, wageni, na kulala siku mbili mfululizo kwa uchovu.

Tarehe 30 wazee walikaa palepale chini ya kilima. Sylvester alisimama kwanza. Alisema miti ya kigeni haikubaliani na udongo wa babu zetu na kila mwaka wa tohara vidudu vinakuja kutukumbusha. Mtu wa chenso alikuwa nyuma yake, amekalia mashine. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nilipopewa nafasi nilisimama na daftari mkononi. Nikasema, "Sylvester amesema kweli. Vinakuja mwaka wa tohara." Nikaona anashangaa. Nikasoma daftari, Jumamosi kwa Jumamosi, mwaka usio na tohara na mwaka wenye tohara. Halafu nikaburuta kiroba mpaka katikati na kukata kamba.

Aisee, Mzee! Vilitoka kama unga uliopulizwa. Vikawaparamia wazee kwenye makoti, kwenye ndevu, mmoja akaangusha fimbo. Kornelio alikuwa ameshaweka tayari kopo la mafuta ya taa, tukalichoma gogo lile mbele yao. Kisha nikawawekea gogo lililobanduliwa, jeupe, wakalipitisha mkono kwa mkono, halina tundu jipya hata moja.

Sylvester akauliza, "Kwa hiyo unasema ni mimi niliyeleta vidudu mwaka 2022?" Watu wote wakaniangalia. Nilikuwa nimelisubiri swali hilo kwa wiki tano, na jibu chungu nilikuwa nalo tayari. Lakini nilikumbuka malundo yangu manne na jinsi nilivyoyasifu. Nikasema, "Mwaka ule tulivilea kwenye kuni za mwanao. Mwaka huu nimevilea mimi, kwenye kuni za mwanangu, na nilikuwa najivuna. Hakuna laana hapa. Ni magome."

Mzee Nyangwine, mkubwa wa kikao, aligeuza lile gogo jeupe mkononi. Kisha akauliza kuni za tohara zilibomolewa na nani. Mama Mokami akasimama kwa fimbo yake akasema, "Mimi." Mzee akamwuliza mtoto amepatwa na mkosi gani. Mama akajibu, "Mtoto ndiye yule, anakula." Wangwe kweli alikuwa anatafuna muwa. Watu wakaangua kicheko, na Nyangwine naye.

Wametoa maneno mawili. La kwanza, kuanzia sasa hakuna gogo lenye gome litakalolala kwenye msitu wowote wa ukoo, iwe kuni za tohara au za matanga. La pili, kilima kinabaki kwa nyumba ya Mokami mpaka tohara ijayo, halafu wataangalia tena. Siyo milele. Lakini ni mpaka 2026, na sasa najua wanaruka lini.

Tumepoteza miti arobaini na mitatu. Nililia kwa kila mmoja, sioni aibu. Mtu wa chenso tulimpa kazi hiyo, akakata mgonjwa tu, sisi nyuma yake na mapanga. Wangwe alitoka tohara salama, na wali wa wageni uliiva kwa kuni zisizo na magome, hazikutoa moshi kabisa. Sylvester hakuomba radhi. Sylvester kuomba radhi ni jogoo kutaga. Ila Jumamosi iliyofuata alikuja na chupa mbili tupu, akaniuliza dirisha linakatwa upande gani.

Jana ilikuwa zamu ya Mama kuhesabu, alikataa nisimame karibu. Alizunguka chupa zote sita mwenyewe kwa fimbo, akarudi akanipa hesabu yake niiweke kwenye bahasha hii, akasema Bwana Miti ataisoma bila mimi kuandika kitu.

Ni punje tatu za maharage. Usidhani nyingine zimedondoka njiani.

Boke